Tiketi ya Mpaka Mlangoni

Istanbul, 3 Oktoba 1988
Leo ni miezi kumi na minne na siku tisa tangu niondoke Gökdere.

Kaka Haydar,

Nakubusu mikono. Shangazi Şerife naye mbusie mikono kwa niaba yangu, ule wa kulia kwa malezi aliyotulea baada ya mama kufariki, na wa kushoto kwa makofi tuliyostahili. Menekşe mke wangu mwambie nimeipata sweta, inanitosha isipokuwa mikononi. Binti yangu Döne mpe kofia hii nyekundu. Ikimpwaya, avae mwakani.

Mimi ni mzima. Bega la kushoto linauma, lakini nimejifunza kubebea la kulia. Bado niko stendi ya Topkapı, kampuni ileile ya mabasi. Asubuhi nabeba mizigo ya watu: magunia ya ngano ya bulgur, madumu ya jibini, juzi mashine ya kufulia. Mchana napiga debe, Tokat, Sivas, Erzincan, mpaka sauti inakauka. Jioni najaza vile vigari vidogo vya kampuni. Hivyo vigari ndivyo vilivyonifanya nikuandikie.

Kaka, huku mtu akikata tiketi ya basi letu, kampuni inamfuata mtaani kwake na kigari, bure, inamleta stendi. Akirejea Istanbul inampeleka mpaka karibu na mlango wake. Kila kampuni inafanya hivyo, isiyofanya haipati abiria. Lakini upande wetu je? Basi linamshusha mtu Taşhan kwenye njia panda saa mbili asubuhi, mbele ya kituo cha mafuta, linapiga honi linaondoka. Kutoka pale mpaka kijijini ni kilomita kumi na tisa, atajijua mwenyewe.

Jana bibi mmoja wa kijiji cha juu aliniambia, "Mwanangu, hapa mnanichukua kama bibi harusi, kule mnanitupa kama gunia la vitunguu. Kwani nauli yangu ni nusu?"

Usiku kucha sikulala vizuri, na asubuhi nikapata wazo. Iwe tiketi moja, kutoka Istanbul mpaka mlangoni. Wewe na gari lako la abiria mngoje Taşhan, uwachukue wote, uwapeleke Gökdere na vijiji vya njiani. Abiria asilipe mara mbili. Kampuni ikupe fungu lako kwa kila kichwa. Nimemwambia karani, na karani atamwambia Bwana Nuri, mwenye mabasi. Wewe unasemaje?

Nambusu Döne macho.
Mdogo wako Durmuş


Gökdere, 24 Oktoba 1988

Mdogo wangu Durmuş,

Barua yako imefika, nikaisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili Shangazi asikie. Anakusalimu. Jicho la kulia limezidi kufunga utando, sasa anatia sukari kwenye supu na chumvi kwenye chai, na sisi tunakunywa bila kusema. Menekşe mzima. Döne anavaa kofia hata ndani. Ng'ombe mweusi kazaa dume.

Sasa wazo lako. Gari langu huondoka likijaa. Basi lenu huondoka saa ikifika. Tangu baba aendeshe lile Ford la kwanza, hakuna dereva wa huku aliyewahi kuondoka na viti vitupu, wala aliyewahi kungoja akiwa amejaza. Likijaa twende. Hiyo haikuandikwa popote, na kila mtu anaijua, hata kuku wanaopandishwa.

Kila kichwa, unasema. Vichwa vikiwa viwili je? Basi likikwama na theluji kule mlimani Çamlıbel, nikae Taşhan saa tatu nahesabu matundu ya soksi? Huku nikingoja wenu, wangu wananipita wanapanda gari la mwingine. Anayewaleta watu kutoka mbali si anayeumia. Anayeumia ni anayewangoja.

Basi nijibu hili moja tu: nani analipa kungoja? Bwana Nuri ajibu kwa maandishi, na muhuri, halafu mengine tutaongea. Wewe tangu utotoni ukiota jambo unaamka umeshalimaliza.

Nakubusu macho.
Kaka yako Haydar


Istanbul, 9 Novemba 1988

Kaka Haydar,

Nakubusu mikono. Sijambo. Baridi imeanza. Chumbani tuko wanane sasa, kaja mtu wa Çorum anayeota kwa sauti, anagombana na mbuzi wake mpaka alfajiri. Hongera kwa ndama. Menekşe mwambie nitatuma viatu vya Döne, anipimie mguu kwa uzi.

Jambo lako limekubaliwa. Kungoja kutalipwa. Karatasi itafuata.

Anza Jumatatu ya tarehe 14. Nimeshauza viti vinne. Kaka, laiti ungewaona. Nasimama juu ya ngazi ya basi napiga debe, "Sivas, Taşhan, Gökdere mpaka mlangoni!" Watu wanageuka. Mzee Rıfat wa kwa fundi chuma alinishika shavu akasema, "We Durmuş, we mtoto wa Şerife, umetukumbuka." Kaka, sijawahi kusifiwa hivyo tangu nizaliwe. Karani ananiita meneja. Ananitania, lakini ananiita.

Tafadhali wangoje.

Durmuş


Gökdere, 18 Desemba 1988

Mdogo wangu Durmuş,

Wote wazima. Döne amejifunza kuandika jina lako, ila anasahau kile kimkia cha chini ya herufi ya mwisho, nimemwambia hata mwenyewe hukisahau. Menekşe anasema viatu vimefika, na anauliza mwenyewe utafika lini.

Nimengoja. Siku thelathini na nne sasa. Watu wanafurahi, sikatai. Zamani mtu wa kutoka Istanbul alifika nyumbani na matope mpaka magotini na matusi mdomoni, sasa anafika na viatu vikavu, na anaomba chai. Wanakusifu wewe. Mimi nimekuwa mtu wa Durmuş. Jana mtoto kaniuliza, "Ami, wewe ni kigari cha Durmuş?"

Lakini siku kumi na moja kati ya hizo basi lilichelewa. Siku moja saa nne nzima. Sijaona malipo ya kungoja, na karatasi sijaiona. Sitaki kukuandama. Ulisema imekubaliwa, na wewe ni mdogo wangu, basi imekubaliwa. Nitumie tu hiyo karatasi.

Jingine: daktari wa Sivas anasema jicho la Shangazi lipasuliwe Istanbul. Atakuja mwezi wa kwanza. Mpokee mwenyewe, usimtume mtu.

Nakubusu macho.
Haydar


Istanbul, 19 Januari 1989

Kaka Haydar,

Barua hii anakuletea Shangazi mwenyewe, nimeitia kwenye mkoba wake pamoja na dawa. Matone ni mara nne kwa siku. Daktari amesema asiiname, asilie, asipigwe na upepo, na kile kitambaa cha jicho kisilowe. Siku kumi. Baadaye kitafunguliwa huko Sivas, na ataona vizuri, Mungu akipenda. Daktari alisema ni jicho la msichana limejificha nyuma ya pazia.

Siku kumi na tano amekaa kwa mke wa mwenye nyumba wetu. Chumbani kwetu hakuingia, sikutaka aone. Aliniuliza, "Unalala wapi?" Nikasema pazuri. Akanusa shati langu.

Leo jioni nitampandisha mwenyewe, kiti cha kwanza nyuma ya dereva, karibu na mama mmoja wa Erzincan. Nitamwagia maji nyuma ya basi kama alivyonimwagia mimi siku naondoka, ili njia yake iteleze kama maji. Nimemwambia, "Shangazi, ukishuka Taşhan usipande gari la mtu mwingine yeyote. Haydar yuko pale. Tiketi yako ni mpaka mlangoni."

Akasema, "Haydar namjua. Niambie wewe, huyo Bwana Nuri wako ni mtu?"

Nikasema ni mtu.

Sikupiga telegramu kwa kuwa uko pale kila asubuhi.

Durmuş


Gökdere, 2 Februari 1989

Durmuş,

Shangazi amefika.

Usiuze tena tiketi za Gökdere.

Haydar


Istanbul, 26 Februari 1989

Kaka Haydar,

Nakubusu mikono, ingawa barua yako haikunisalimu. Menekşe hakutia neno, wala Döne hakuandika jina. Nimeigeuza karatasi ile nyuma na mbele nikitafuta.

Sasa nimeshajua, sio kutoka kwako. Wiki iliyopita walishuka vijana wawili wa kijiji cha juu, nikawakimbilia na bega langu. Mmoja akasema, "Acha, Mlangoni, mzigo tutabeba wenyewe. Wewe ukiubeba tutaukuta Taşhan umekaa kwenye benchi kama shangazi yako." Mwenzake akacheka, halafu akaona uso wangu, akaacha. Nikawauliza. Wakaniambia kwamba basi lilichelewa saa tatu kwa theluji ya Çamlıbel, na ulipofika wakati wa kushuka hukuwepo, na Shangazi alikaa nje, kwenye benchi la mbao la kituo cha mafuta, tangu saa tano mpaka saa tisa na nusu. Ndani kwenye mkahawa hakuingia kwa sababu ni wanaume watupu na moshi. Mwenye trekta akataka kumpeleka, akakataa. Alisema tiketi yake ni mpaka mlangoni na mpwawe yuko njiani. Na kwamba kitambaa kililowa, na kilipofunguliwa Sivas jicho linaona mwanga tu, kama mtu anayeangalia taa ndani ya maziwa.

Sasa jina langu hapa stendi ni Mlangoni. Hata karani.

Kaka, sikuulizi ulikuwa wapi. Sina haki ya kukuuliza. Nitakuambia mimi.

Bwana Nuri hakukubali. Siku ile ya Novemba niliingia ofisini kwake na kofia mkononi. Alikuwa anakula, hakuinua kichwa. Nikamweleza kuhusu kungoja. Akasema, "Mimi nalipa kichwa kinachokaa. Kiti kitupu kijilipie." Nikasema, "Bwana, lakini mwenye gari dogo ndiye anayengoja ili basi letu lisingoje." Akasema, "Basi letu? Lini umenunua?" Karani akacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka pamoja nao, kaka. Nikatoka nikapanda kwenye ngazi nikaanza kupiga debe.

Hata hela ya vichwa aliikata kwa kila tiketi akisema ni ya ofisi, wewe ukapata makombo. Niliogopa kukuambia, kwanza kwa sababu ungesema nimeota. Halafu kwa sababu watu walinishika shavu. Na telegramu sikupiga si kwa kuwa uko pale. Sikupiga kwa kuwa ungejibu, na ungeuliza karatasi iko wapi.

Karatasi haikuwahi kuwepo. Ulingoja siku zote zile kwa ajili ya neno langu tu.

Aibu hii siwezi kuibebea bega lolote.

Durmuş


Gökdere, 19 Machi 1989

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Barua iliyopita sikukusalimu kwa kuwa mkono haukuandika, sio kwa kuwa moyo haukutaka. Menekşe mzima. Alitaka kuandika, mimi nilikataa, kwa sababu angekuambia kweli. Döne ana kikohozi kidogo. Theluji inayeyuka, barabara ni uji.

Umeniambia lako. Sasa sikia langu, ambalo kijiji hiki hakilijui.

Wanasema sikuwepo Taşhan. Nilikuwepo. Nilifika saa moja na nusu, gari tupu, injini nimeizima kuokoa mafuta, miguu nimeifunga gunia. Saa mbili, hakuna basi. Saa tatu. Nikajisemea, leo ndiyo mwisho, huyu Durmuş hana karatasi yoyote. Kaka yako si mjinga kiasi hicho. Nilijua tangu Desemba. Niliendelea kungoja ili siku moja nikutie aibuni mbele ya watu, niseme, hebu angalieni, nilingoja miezi na hakunilipa. Nilikuwa naihifadhi hasira kama mtu anavyohifadhi kuni.

Saa nne na nusu wakaja wafanyabiashara saba wa ng'ombe wanataka kwenda mnadani upande wa Çamlıbel, na wenzao wanne. Gari likajaa. Nikasema moyoni, likijaa twende. Hata baba asingenilaumu. Nikawasha.

Dakika kumi baadaye, kwenye kona ya daraja, nikapishana na basi lenu. Lilikuwa linakuja polepole, limepakwa theluji mpaka madirishani. Dereva akaniwashia taa. Nililiona, Durmuş. Barabara ilikuwa na nafasi ya kugeuza pale darajani. Nikajisemea, hao ni abiria wa Durmuş, aje awabebe mwenyewe. Nikaangalia mbele. Mnunuzi mmoja akaniuliza, "Hilo si basi lako ulilokuwa unangoja?" Nikasema, "Mimi sina basi."

Sikujua yumo. Wallahi sikujua. Lakini nisijue nini? Kulikuwa na watu ndani, na mmoja angekuwa shangazi wa mtu.

Nilirudi saa tisa na nusu. Yuko kwenye benchi, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba, theluji kwenye mabega. Mwenye kituo cha mafuta akaniambia, "Huyu mama haingii ndani, hapandi kitu, tangu saa tano anasema yule mpwa wangu kaniona pale darajani, atageuza." Alikuwa kiti cha mbele, nyuma ya dereva, pale ulipomkalisha. Kwa lile jicho moja zima aliliona gari langu. Alidhani na mimi nimemwona.

Nilipomshika mkono alisema neno moja tu. "Nilijua utageuza."

Hajanilaumu mpaka leo. Watu wakimwuliza jicho, anasema ni majaliwa. Wakimwuliza kuhusu mimi, anasema gari lilikuwa bovu. Amedanganya kwa ajili yangu, yeye ambaye hajawahi kudanganya hata uzito wa siagi. Tiketi yake ameifunga kwenye ncha ya kitambaa cha kichwa. Nilitaka kuichoma, akaninyang'anya. Akasema, "Hii haijaisha. Aliyenikatia ndiye atakayeimaliza."

Sijui maana yake. Labda unaijua wewe.

Sasa gari huondoka likijaa, kama zamani. Watu wa Istanbul wanashuka na matope.

Nakubusu macho.
Haydar


Istanbul, 16 Aprili 1989

Kaka Haydar,

Nakubusu mikono. Nimefunga Ramadhani vizuri, ingawa kubeba mizigo ukiwa na kiu ni kazi ya punda aliyeacha dini. Nimefurahi Menekşe ni mzima hata kama hasemi. Döne mpeni asali ya jiranini kwa kikohozi.

Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye benchi la stendi, halafu nikasimama kwa sababu ni la mbao.

Sina la kukulaumu. Nimejaribu, ili nipumzike kidogo, nikashindwa. Daraja ulivuka wewe, lakini barabara ile nilikuchorea mimi.

Wiki iliyopita nilirudi kwa Bwana Nuri. Safari hii sikuvua kofia. Nikamwambia nitasimama kwenye ngazi za mabasi yake yote niwaambie watu wa Tokat na Sivas jinsi tiketi ya mpaka mlangoni ilivyoishia, nimtaje na nijitaje, mimi kwanza. Akanitazama sana. Akasema, "Utafukuzwa." Nikasema, "Najua, nimeshafunga mzigo." Karani hakucheka.

Alichotoa ni kidogo. Viti viwili katika gari lako vitalipwa kila siku na kampuni, kuna mtu au hakuna. Hivyo vitakuwa vimejaa hata vikiwa vitupu, na wewe ukijaza vilivyobaki unaweza kungoja bila kuvunja desturi ya baba. Na basi likichelewa, utingo atapiga simu kutoka mkahawa wa Tokat mpaka kituo cha mafuta, ili ujue ungoje au uende nyumbani ukarudi. Nilipaswa kufikiria hilo la simu tangu mwanzo. Nilikuwa nafikiria malipo ya kungoja, kumbe anayengoja anataka kwanza kuambiwa. Karatasi ninayo, ina saini na muhuri. Nimeusugua muhuri kwa kidole kilicholowa, hautoki. Siitumi kwa posta. Nitaileta. Ukiikataa, utakuwa na haki, na sitasema neno.

Kazi nimeachishwa tangu jana. Naondoka Jumatano tarehe 3 Mei jioni, na watu wote wanaorudi kwa sikukuu, kwa hiyo basi litachelewa. Nimenunua tiketi kama abiria, ya Taşhan tu.

Kaka, usinisubiri. Endesha kama kawaida yako, likijaa nenda. Nikishuka nitakaa kwenye lile benchi, mkoba mapajani, kwa muda wa saa nne na nusu kamili kama yeye. Sitaingia ndani. Mwenye trekta akinichukua nitakataa. Baada ya hapo nitatembea. Ukipita pale na ukaniona, utaamua mwenyewe kama utageuza, nami kwa vyovyote sitasema kwamba nilijua.

Mwambie Shangazi asiifungue ile ncha ya kitambaa mpaka nifike. Nataka nimshike mkono kutoka kizingitini mpaka kitandani kwake, hatua zile za mwisho nilizomuuzia.

Nitegemeeni Alhamisi tarehe 4 Mei, kwa miguu, kabla ya futari.

Durmuş